Doa la Zambarau

Kwa miaka mingi, nikitajiwa utando wa seli nilikuwa naona fosfolipidi tu: kichwa chenye fosfati, mikia miwili ya asidi za mafuta, safu mbili zikitazamana. Mchoro huo ni wa kweli kwa sehemu kubwa ya seli ya mnyama. Ukiingia ndani ya jani, haukutoshi. Kwenye tando za thailakoidi, zile zinazonasa mwanga ndani ya kloroplasti, karibu nusu ya lipidi, yaani mafuta yanayojenga utando, ni galaktolipidi yenye sukari ya galaktosi moja kichwani, na robo hivi ni ile yenye galaktosi mbili. Mahali ambapo mnyama angeweka fosfati, mmea umeweka sukari.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Siku niliyoyaona kwa macho yangu, niliyaonea kwenye mizizi.

Mizizi haina klorofili, na kwa kawaida galaktolipidi zake ni chache. Mimi na mwalimu wangu tulikuwa tumeotesha miche ya oti kwenye maji yenye virutubisho, kundi moja likipewa fosfati na jingine likinyimwa. Mwaka 2003 ulikuwa umechapishwa utafiti ulioonyesha kwamba oti ikikosa fosfati huondoa hadi asilimia 70 ya fosfolipidi za utando wa nje wa seli na kujazia galaktolipidi ya sukari mbili. Asilimia 70! Utando wa nje ndio mpaka wa seli na dunia, na mmea unaujenga upya ukiwa hai, bila kusimamisha kazi hata kidogo.

Tulipovuna, mizizi ilitumbukizwa papo hapo kwenye isopropanoli ya moto, nyuzi 75 hivi. Hatua hiyo mwalimu hakumwachia mtu. Mmea ukijeruhiwa, kimeng'enya kinachoitwa fosfolipasi D huanza kukata vichwa vya fosfolipidi, na ukichelewa utapima asidi ya fosfatidi, masalio ya ukataji huo, ambayo haikuwepo mmea ulipokuwa mzima. Naamini mpaka leo kwamba kazi ya lipidi huaminika au huharibika hapo, kabla mashine yoyote haijawashwa.

Yaliyofuata ni ya kawaida: klorofomu na methanoli za kutoa lipidi, matone machache kwenye kibao cha kioo kilichopakwa silika, kisha kibao kusimamishwa kwenye mchanganyiko wa asetoni, toluini na maji. Galaktolipidi ya sukari moja hupanda juu sana. Ya sukari mbili hung'ang'ania silika, ikabaki chini yake. Kibao kilipokauka nilikipulizia alfa-naftoli na asidi ya salfa, nikakiingiza kwenye tanuri.

Rangi zilikuja polepole. Fosfolipidi huwa za manjano, lipidi zenye sukari huwa zambarau. Kwenye mstari wa mizizi iliyolishwa, manjano ilikolea na zambarau ilikuwa kivuli tu. Kwenye mstari wa mizizi iliyonyimwa fosfati, manjano ilikuwa imefifia, na chini ya usawa wa sukari moja palikuwa na doa zito la zambarau, sawasawa na la jani tulilopandisha pembeni ili kulinganisha.

"Mwalimu, njoo uone!"

Alikuja, akakiinua kibao kwenye mwanga, akakaa nacho muda mrefu.

"Hii ya sukari moja mbona haikuongezeka?"

Swali hilo nililipenda, maana jibu lake ndilo linalonivutia kuliko yote katika somo hili. Galaktolipidi ya sukari moja ina kichwa kidogo na mikia iliyotanuka, yenye viunganisho maradufu vingi. Umbo lake ni kama koni. Ukiiweka peke yake kwenye maji haitandiki safu mbili. Ya sukari mbili ina kichwa kipana, umbo lake linakaribia mcheduara, nayo hujipanga safu mbili kama fosfatidilikolini, mojawapo ya fosfolipidi za kawaida za utando. Kwa hiyo inaweza kukaa kwenye kiti cha fosfatidilikolini na utando usipoteze umbo. Nilimweleza hivyo huku nikichora pembeni ya daftari.

"Sawa, mwanangu. Na fosfati iliyotolewa?"

"Inarudi kwenye matumizi, mwalimu. Asidi nukleia, na ATP inayobeba nishati ya seli. Huko sukari haiwezi kushika nafasi yake."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakukiweka kibao chini. "Hapa umesaga mzizi mzima. Doa hili linaweza kuwa limetoka kwenye plastidi, jamaa za kloroplasti, au mitokondria, au utando wa nje. Utanionyeshaje ni upi?"

Alikuwa na haki kabisa. Kibao kilitwambia sukari imeongezeka, hakikutwambia imekaa wapi. Njia ilikuwepo: kusaga mizizi ikiwa baridi, kisha kutenganisha tando kwa dekstrani na polietilini glikoli, polima mbili ambazo zikiwa pamoja majini hujitenga tabaka mbili, kwani vipande vya utando wa nje hupendelea tabaka la juu, lile la polietilini glikoli. Tulipima dekstrani jioni hiyo hiyo, tukaiacha iyeyuke usiku kucha.