Mstari mmoja kila Ijumaa

Jumamosi nilimtuma binti yangu kwa jirani akaniletee ngazi, mimi niko juu ya kiti nahangaika na taa ya sebuleni. Nusu saa kimya. Kuchungulia dirishani namwona anaruka kamba na wenzake. Nikamwita, vipi, ulienda? "Nilienda baba." Sasa ngazi iko wapi? "Mlinzi amekataa kunifungulia, amesema hanijui." Na mbona hukurudi kuniambia? Akanitazama kwa mshangao kabisa, "Kwani ulisema nikikataliwa nirudi nikwambie?"

Nikashuka kwenye kiti nikakaa. Hakuwa na kosa mtoto. Ila swali lake lilinirudisha Kilosa, Septemba 2013, kwenye ile SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, nilichokitengenezea mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu.

Habari za mfumo wenyewe tuziache, ulikuwa wa PHP, lugha ya kuandikia programu za kwenye brauza, kompyuta moja inayotumia Ubuntu badala ya Windows chini ya meza ya mama mhazini, wanachama mia nne na kitu. Mwezi wa pili mwaka ule nilimwekea mama kitufe cha Hifadhi Nakala. Ukikibonyeza, skripti, yaani programu yangu fupi, inatumia exec, amri ya PHP ya kuita programu nyingine, kuita mysqldump, ile ya kunakili data, na kumwaga data zote kwenye folda ya /nakala, kwenye diski ya pili. Alhamisi tarehe 7 nikaijaribu kwenye terminali, ile skrini ya kuandikia amri, faili likatoka zuri, nikalifungua nikaona majina ya watu na akiba zao yamejipanga vizuri. Nikamwambia mama, kila Ijumaa kabla hujafunga ofisi bonyeza hapa, ukiona maandishi ya kijani umemaliza. Nikapanda basi nikarudi Dar.

Jumatatu ya Septemba 2 umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, na MySQL, programu inayotunza data zote, ikakataa kuwaka. Nilipopigiwa simu wala sikushtuka, nikasema bakapu zipo, nakuja. Njia nzima nimelala kwenye basi.

Sasa hapa ndipo ninapokumbuka kila kitu, hata harufu ya ile ofisi, karatasi za zamani na chai ya tangawizi. Mama mhazini amesimama nyuma yangu ameshika kikombe changu, anasubiri nimalize aniwekee mezani. Nikaandika ls -l /nakala, nione orodha ya mafaili yaliyomo. Faili moja. Moja tu, nakala-2013-02-07.sql, mwenye faili ni mimi, tarehe ya siku ile niliyojaribu. Nikaandika tena, kama mtu anayepapasa mfuko ambao ameshaupapasa. Ni hilo hilo moja. Miezi karibu saba ya akiba, hisa na marejesho ya mikopo ya watu wanaolima mpunga na kuuza mahindi, haipo. Mama akaona mgongo wangu umekakamaa, akaweka kikombe taratibu akasema, "Mwanangu, mimi kila Ijumaa nilibonyeza. Na kijani nilikiona." Nikamjibu najua mama. Wakati ule nilikuwa sijui.

Kumbe ni jambo la ruhusa tu. Nilipojaribu mimi kwenye terminali, aliyeendesha skripti ni mimi na folda ni yangu, ruhusa zake 755, 7 ya mwenyewe ni kusoma, kuandika na kupita. Mama akibonyeza kwenye brauza, anayefanya kazi si mama wala si mimi, ni Apache, programu inayopeleka kurasa kwenye brauza, na kwenye Ubuntu Apache inatumia yuza anayeitwa www-data, ambaye kwa folda ile ni mtu baki, ile 5 ya mwisho inamruhusu kusoma na kupita, kuandika hapana. Tena shell, ile inayopokea amri na kuzitekeleza, hufungua kwanza faili la kupokelea kabla ya kuita mysqldump, ikikwama hapo mysqldump haiitwi kabisa. Na mimi skripti yangu haikuuliza exec imerudi na namba gani, sifuri ni salama, nyingine yoyote kuna tatizo, hilo nililijua vizuri tu, lakini niliandika exec halafu mstari unaofuata moja kwa moja maandishi ya kijani.

Mwenyekiti akaanza kuuliza kama kweli mama alikuwa anabonyeza. Nikamwambia kosa ni langu, mama asiguswe. Kilichotuokoa ni leja zake za mkono, hakuwahi kuacha kuziandika hata siku moja, tukakaa siku tisa yeye anasoma mimi naingiza, jina kwa jina.

Jamaa yangu mmoja akaniambia kwenye simu piga chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda, yaishe. Ingefanya kazi kweli, ila 777 maana yake yeyote atakayepenya kwenye mashine ile, hata kupitia ukurasa mmoja mbovu wa PHP, anaandika na kufuta humo anavyotaka, na zile ni akiba za watu. Nikaitoa bakapu kwenye brauza kabisa, ikahamia kwenye cron, inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyoipangia, kwa yuza wake maalumu, saa tisa alasiri kila siku. Ukurasa wa mama ukabaki kuonyesha faili la mwisho ni la lini na lina ukubwa gani. Kijani nilikifuta.

Usiku wa nne, mama ameshaenda kulala, nikafungua logi za Apache, mafaili inamoandika yanayotokea. Ubuntu ile ilikuwa inazitunza wiki 52. Nikatafuta neno nakala. Ikaja sh: 1: cannot create /nakala/nakala-2013-02-08.sql: Permission denied. Halafu ya tarehe 15. Halafu 22. Wiki baada ya wiki mashine ilisema nimekataliwa, ikaandika mahali ambapo mimi sikuwahi kuchungulia. Na wiki ya Pasaka mstari ni wa tarehe 28 Machi, Alhamisi. Ijumaa Kuu ofisi ilifungwa, kwa hiyo mama alikumbuka akabonyeza siku moja kabla.

Mistari 30. Niliiprinti, na hadi leo ninayo kwenye bahasha. Mwenyekiti sikumwonyesha, aliniamini kwa mdomo. Mama naye sikumwonyesha. Siku ile niliona ingemuumiza kujua kwamba kila alipoona kijani, chini yake kulikuwa na kilio. Siku hizi nawaza labda ilikuwa haki yake kuiona, maana aliwahi kuniuliza, zile siku za leja, "Au nilikuwa nabonyeza vibaya?" Nikamwambia hapana mama, na sikumpa chochote cha kushika mkononi.

Ameshastaafu. Pasaka iliyopita alinipigia kunisalimia, akauliza watoto, tukaongea mvua na bei ya mchele.