Gesi

Kule Marangu, Kilimanjaro, kuna watu wazima wasiolijua jina nililobatizwa. Wananiita Gesi. Jina lenyewe nililipata Desemba 2014, siku mbili kabla ya kipaimara cha mdogo wangu, binti wa baba mdogo, na aliyeniponza ni dumu moja la lita 20.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni, nasoma kemia, kwa hiyo hakuna nisilolijua. Nilipanda mlimani na umati wa Wachagga wanaopanda kila Krismasi, nikamkuta bibi ameteleza mferejini, mkono wa kulia umefungwa plasta. Shangazi zangu walishaamua mbege ya sherehe, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, inunuliwe kwa jirani. Bibi hataki kusikia. Mbege ya mjukuu wake inunuliwe kama soda?

"Bibi, nitapika mimi," nikasema. "Pombe ni kemia tu."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Haya, mume wangu. Tupikie hiyo kemia."

Mwanzo ulikwenda vizuri, labda kwa sababu bibi alikuwa amekaa kigodani pembeni yangu akiniamrisha. Ndizi zilikuwa zimevundikwa darini, juu ya moshi wa jiko, zimelainika mpaka maganda yanavuka yenyewe. Tukazimenya, tukazitia kwenye pipa na maji juu ya moto, nikakoroga na mti mrefu kuanzia asubuhi mpaka mchana, mpaka rangi ikageuka ya kahawia inayoelekea wekundu. Viganja vilitoka malengelenge. Kisha pipa likafunikwa majani ya mgomba likaachwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu, na ukiisogelea inakupanda puani. Ulezi nao ulikuwa umeshalowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Kilichobaki ni kupika uji wa huo ulezi, kuukamulia maji ya nyalu, kutia msesewe wa kuleta uchungu, na kuacha usiku mmoja.

Nyalu nyingi iliachwa isubiri Jumamosi, ili mbege iwe changa Jumapili. Alhamisi nilitakiwa kuchanganya dumu moja tu, la wazee wa ukoo waliokuwa wanakuja Ijumaa jioni kupanga mambo. Na Alhamisi hiyo bibi akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mkono uliovunjika haumzuii mtu kuimba.

Aliniachia maneno mawili. Uji upoe. Msesewe kidogo.

Sasa mimi nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nikaliangalia lile pipa, nikaangalia nzi waliokuwa wanalizunguka, nikawaza vijidudu. Wazee wa watu wasije wakaumwa matumbo kwa ajili yangu. Nikautoa uji jikoni bado unatokota, nikaumimina kwenye maji ya nyalu hivyo hivyo, mvuke ukanijaa usoni. Nikajisifu kwamba nimeua kila kilichomo. Na kweli niliua. Chachu yote iliyokuwa inafanya kazi mle ndani nikaizika kwa mikono yangu, mimi niliyejibu kwenye mtihani kwamba chachu haivumilii nyuzi 60. Kwenye karatasi nililijua. Jikoni halikunijia kabisa.

Msesewe nao nikatia kiganja kizima. Ni gome la mti, ukiligusa na ncha ya ulimi tu mdomo unakunja. Kiganja kizima!

Ijumaa alfajiri nikaenda kutega sikio kwenye dumu kama bibi anavyofanya. Mbege iliyo hai inasikika, ina kaunyunyu fulani kama mvua inayoanza juu ya majani. Hii ilikuwa kimya. Nikafungua, hakuna povu hata la kudanganyia mtoto.

Bibi akaniuliza akiwa mlangoni, "Inaongea?"

"Inaongea sana, bibi."

Ule uongo ndio ulionimaliza. Ningesema ukweli saa ile, bibi angechota nyalu nyingine pipani na siku ingeokoka. Badala yake nikateremka dukani, nikanunua pakiti mbili za hamira ya maandazi na kilo moja ya sukari, nikavimimina vyote kwenye dumu, nikatikisa. Nikakumbuka kwamba chachu ikikosa hewa ndiyo inatengeneza kileo, basi nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nikalifunga dumu blanketi, nikalificha sebuleni nyuma ya kochi, palipo na joto.

Mchana baba mdogo akafika kutoka Dar na zawadi ya bibi: mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili. Akautua mtungi sebuleni, pembeni ya kochi lile lile. Kisha akatutolea somo refu kuhusu hatari zake. Ukisikia inafanya "sss", usiwashe kiberiti, usiguse swichi, toka nje.

Saa kumi na mbili jioni wazee watano wamekaa, mzee wa kanisa yuko kati, mvua inapiga bati. Baba mdogo yuko katikati ya hotuba kuhusu turubai na viti. Nikaisikia kabla ya wengine. Sss. Nyembamba, kama nyoka aliyekanyagwa kidogo. Nikakohoa ili kuifunika. Ikaongezeka, ikawa filimbi.

Baba mdogo akanyamaza. Akautazama mtungi.

"Gesi! Tokeni nje! Tokeni!"

Sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Mmoja wao, mwenye zaidi ya miaka 80, aliyeingia akishikwa mkono, alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti na fimbo ameiacha. Tukajipanga kwenye migomba ya kihamba, mvua inatunyea, shangazi mmoja anakemea kwa jina la Yesu, baba mdogo anahesabu watoto. Mimi nimesimama na koo limekauka. Nilikuwa najua kinachopiga kelele mle ndani, na sikufungua mdomo.

Kumbe bibi hakutoka. Tukasikia sauti yake kutoka sebuleni, haina haraka hata kidogo:

"Gesi gani hii inanukia maandazi?"

Alipomaliza kusema, kifuniko kikaruka. Kilipiga dari kama jiwe, ukafuata mchuruziko mrefu. Tuliporudi ndani, vitambaa vyote vya kufuma vya bibi vilikuwa vya kahawia, na ulezi umebandika ukutani mpaka usawa wa picha ya harusi yake. Dumu lilikuwa bado linatapika taratibu. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Wote walinigeukia.

"Uji uliutia ukiwa wa moto?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na hamira?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akaushika mkono wenye plasta kwa maumivu.

Ningependa kusema iliishia hapo. Lakini yule mzee wa fimbo alikuwa ameloa, na alisema hajatoka kwake na mvua yote ile arudi mdomo mkavu. Dumu lilikuwa na nusu. Desturi inataka mwenye pombe aonje kwanza mbele ya wageni, basi nikapewa kata. Iliingia na sukari, ikafuata ladha ya unga mbichi, halafu msesewe ukanishika nyuma ya ulimi, ukakaa. Nikameza nikitabasamu. Mzee akapokea, akavuta funda moja, akalishikilia mdomoni muda mrefu huku anaangalia mvua. Akatoka barazani, akaitema na kumwaga iliyobaki kwenye shina la mgomba, polepole.

"Wapeni mababu," akasema. "Wao hawawezi kukataa."

Mzee wa kanisa akajifanya hajasikia.

Jumamosi bibi alichanganya mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Uji ulikaa kwenye beseni mpaka alipotumbukiza kiwiko na kutikisa kichwa kwamba tayari. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kufua vitambaa. Doa la ndizi halitoki, mnajua.

Jumapili, chini ya turubai, yule mzee alipewa kata ya kwanza. Aliinyanyua, ikaishia kidevuni. Macho yake yakazunguka yakinitafuta, yakanipata nimesimama na masufuria. Akamwinamia bibi akamnong'oneza kitu kwa Kichagga, nami nikaambulia neno moja tu: gesi.

Bibi akatikisa kichwa kukataa. Mzee akanywa.