Siku moja chekechea: kazi ya kufundisha kungoja

Saa 1:15 asubuhi. Darasa bado tupu. Picha za ratiba zinabandikwa ukutani, usawa wa macho ya watoto: duara, michezo, kunawa, kula, kulala. Anayeona kinachofuata haulizi kila dakika. Baiskeli za magurudumu matatu zinatolewa stoo. Ziko 2, watoto ni 22. Zingekuwa 22, somo lenyewe lisingekuwepo.

Saa 2:00. Mabegi, kamasi, machozi ya wawili watatu.

Saa 2:30. Duara. Ngoma ikilia wanacheza, ikinyamaza wanaganda. Wakishazoea, kanuni inageuzwa: ngoma ya haraka, cheza polepole. Kuuzuia mwili usikimbilie mdundo ndiyo kazi. Mizunguko 5 au 6 yatosha. Ikizidi wataanza kusukumana, na kosa hapo ni la mwalimu. Anayekosea hatolewi mchezoni. Huyo ndiye mwenye kuhitaji mazoezi, ukimketisha pembeni umemnyima.

Saa 4:00, uwanjani. Kuanzia hapa saa haitazamwi tena.

Mtoto wa miaka 4 yuko juu ya baiskeli, mwenzake kang'ang'ania usukani, wote "yangu! yangu!" Wapita njia hudhani kazi yetu ni kuwashinda kwa sauti: "Tulieni!" Lakini "tulia" haimwambii mtoto afanye nini, na "subira huvuta heri" ndiyo kabisa, yeye heri haijui, anaijua baiskeli. Mwalimu anapiga goti, anatia mkono kati yao, anamwambia anayengoja: "Unaitaka sana, na umekasirika." Kisha anamkabidhi kichupa cha mchanga cha kupimia dakika 2. Si 10, kwa umri huu dakika 10 ni kama kesho. Tena asingoje mikono mitupu. Apewe chaki achore barabara, ahesabu mizunguko ya mwenzake. Hata katika majaribio ya mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako mtoto aliyengoja bila kula alipata kitamu zaidi, watoto walioshughulisha akili na jambo jingine walingoja zaidi ya waliokodolea macho kitamu kilichokuwa mbele yao.

Mchanga unaisha. Aliye juu hashuki.

Mwalimu aliyechoka husema, "Haya, mwache kidogo," na papo hapo aliyengoja amejifunza kwamba kungoja hakulipi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wa 2013, nao wa kungoja kitamu, ulionyesha hivyo: watoto waliotimiziwa ahadi kwanza walingoja wastani wa dakika 12, waliodanganywa 3. Basi asiyengoja pengine hesabu yake ni sahihi. Kwa hiyo aliye juu anashushwa, kwa upole, hata kama ni robo saa ya kugaagaa, kiatu kimoja kimebaki mkononi mwa mwalimu, na wa zamu ya tatu anavuta shati: "Bado?" Alie tu. Kulia ruksa, kuuma marufuku.

Chakula, usingizi. Wakiamka hakuna kanuni mpya. Mtoto aliyechoka hana akiba ya kujizuia, wala mwalimu.

Jioni mzazi anauliza, "Leo alikuwa mzuri?" Jibu: "Alingoja dakika 2, akalia, hakumpiga mtu." Mzazi anacheka, anamwambia mwanawe, "Tukifika nitakupa simu uchezee." Mwalimu anamvuta pembeni: "Mama, umeshamwahidi, basi mpe kweli."

Baiskeli zinarudi stoo. Moja pedeli imelegea. Isipokazwa usiku huu, kesho ni watoto 21 kwenye foleni ya baiskeli moja, na spana haionekani.