HERI iliyotoka kinyume

Saa kumi na moja alfajiri nazima kengele ya simu kabla haijamwamsha binti yangu. Nikinywa chai ya rangi nasikiliza tena ujumbe wa jana kutoka Kitui, Kenya: "Shangazi, mtihani ni Novemba. Usitume pesa tu, nataka na kadi." Ni kijana wa kaka yangu, yuko kidato cha nne.

Saa moja kasorobo naingia zamu. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Kansas City, Marekani: kuogesha, kuvisha, kulisha, kugeuza walio kitandani, kujaza fomu. Zamani, nikiwa shuleni, nilikuwa nawauzia wenzangu kadi za kutakiana heri ya mtihani, nimezichora mwenyewe kwenye manila na kuzimwagia vimetameta. Sikumbuki siku niliyoacha. Nilistukia tu miaka imepita na sina hata kalamu ya rangi nyumbani, tena katika mji ambako Hallmark, wale wakubwa wa kadi, walianzia mwaka 1910.

Saa nne na robo, mapumziko, dakika 15. Nachora mbuyu nyuma ya boksi la glavu. Mbaya.

Saa tisa na nusu boksi la vifaa vya kutengenezea kadi, ninaloletewa kila mwezi, liko mlangoni. Nilijisajili Januari kwa aibu kidogo, mtu mzima nalipa niletewe karatasi zilizokwisha kukatwa! Lakini nikitoka zamu, duka lenye rafu nzima ya karatasi nyeupe hunishinda. Humu nakuta wino mmoja, mihuri michache, bahasha, basi. Miezi ya mwanzo nilifuata maelekezo neno kwa neno. Kufikia Aprili nikaanza ukaidi.

Mwezi huu wameleta maboga na majani ya vuli. Sasa Kitui nani anamtakia mtahiniwa heri kwa boga?

Saa mbili usiku, vyombo vimeoshwa, meza ya jikoni ni yangu. Mhuri mpya wa plastiki unakataa wino, unabaki vitone kama maji kwenye jani la mgimbi. Nausugua kwa raba kuondoa ule utando wa kiwandani, ndipo unashika. Boga nalikata katikati na kulilaza nyuma ya ukanda wa karatasi ya kahawia: jua linachomoza. Jani nalo ukilisimamisha kwa kikonyo chake ni mti. Nakinenepesha kikonyo kwa kalamu, na mbuyu ulionishinda asubuhi huo hapo.

Limebaki neno. Muhuri wa boksi unashukuru kwa Kiingereza, mimi nataka HERI. Nachukua raba ya binti yangu, nachonga kwa wembe nusu saa nzima, napaka wino, nagandamiza. IREH, na hiyo E na R zimenipa kisogo.

"Mama, Ireh ni nani?"

Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Raba ya pili nafanya kama nilivyopaswa kufanya mwanzo: naandika kwa penseli kwenye karatasi ya kuokea, naipindua juu ya raba, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Herufi zinahamia zikiwa zimegeuka zenyewe.

Saa nne kasoro usiku nabandua vile vipande vya sponji vilivyoinua jua, maana barua yenye nundu haipiti kwenye mashine za posta na hutozwa zaidi. Nabandika kwa gundi, bapa. Ni Septemba, na barua ya kwenda sanduku la posta la shule husafiri polepole, kwa hiyo kesho lazima iondoke.

Binti ameichukua ile kadi ya kwanza, ameandika ndani "Kutoka kwa Ireh", anataka iende pamoja. Mzani wa unga unasema zote mbili ni gramu 24 pamoja na bahasha. Stempu moja ya barua za nje ya nchi inabeba 28. Haya, Ireh naye asafiri.