Vijiko 15 vya maji

Jumanne, usiku.

Nimerudi chumbani nimenuna. Mwenzangu akaniuliza, "Vipi jaribio?" Nikamwambia nimepata 19. "Kati ya ngapi?" Kati ya 20. Akaanza kunipongeza, ikabidi nimkatize: nimefeli.

Jaribio la hesabu za dawa kwetu halina alama ya wastani. Unapata zote au unarudia, na marudio ni Alhamisi asubuhi. Mwanzo wa muhula tuliposomewa kanuni hiyo darasa zima liliguna, na mimi niliguna kuliko wengine. Kwenye anatomia ukikosea jina la mfupa mmoja kati ya 206 bado unafaulu vizuri tu, wala hakuna anayekuita pembeni kukuuliza umeupeleka wapi. Kwa nini basi hesabu, tena za kuzidisha na kugawanya tulizofundishwa tukiwa wadogo, zipewe heshima ambayo moyo na mapafu havikupewa?

Lililoniangusha ni swali la 14. Naliandika hapa nzimanzima kwa sababu najijua, kesho kutwa nitaanza kujisimulia kwamba lilikuwa gumu.

Mtoto ana kilo 12. Ameandikiwa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa iliyopo ni ya maji, miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi kwa dozi moja?

Nilianza vizuri. 12 mara 15, 180. Hizo ndizo miligramu anazohitaji. 180 mara 5, 900. Gawanya kwa 120. Nikakata sifuri juu na chini, ikabaki 90 kwa 12. Inaingia mara 7, inabaki 6. Nikaishushia sifuri ikawa 60, 12 ikaingia mara 5. Nikaandika 75, nikapigia mstari mara mbili kwa madaha, nikaenda swali la 15. Ile sifuri niliyoishusha ilitakiwa itanguliwe na nukta. Nukta niliiacha njiani.

Mkufunzi wetu wa famakolojia, somo la dawa na zinavyofanya kazi mwilini, hakunikemea. Laiti angenikemea. Alisubiri wenzangu watoke, akanisogezea chupa ya maji, kikombe kidogo na kile kijiko cha plastiki cha mililita 5 kinachokuja ndani ya boksi la dawa za watoto. "Nipimie jibu lako."

Nikadhani ni utani. Nikapima. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kufika cha sita nikaanza kuelewa ninakopelekwa. Kufika cha kumi mkono ulikuwa unatetemeka na maji yanamwagikia mezani, yeye ananitazama tu, hasemi. Vilikuwa vijiko 15. Kikombe kikawa kinakaribia ukingo.

"Haya mwanangu," akasema. "Sasa mshike huyo mtoto umnyweshe."

Jibu sahihi ni mililita 7.5, kijiko kimoja na nusu. Mimi nilikuwa nimeandika mililita 75, zenye miligramu 1,800, yaani 150 kwa kila kilo, kiwango ambacho wahudumu huanza kuhofia ini la mtoto. Na hii ni parasetamoli, dawa ambayo watu huimeza huku wanatembea! Sehemu kubwa yake ini huishughulikia bila taabu na mwili ukaitoa. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na kwa sumu hiyo ini lina akiba yake ya kuizimua. Dozi ikiwa ya kawaida akiba inatosha. Ikizidi mno, akiba inakwisha, na sumu inazigeukia chembe za ini lenyewe.

Haya yote nayajua. Niliyaandika kwenye mtihani wa famakolojia mwezi uliopita, ukurasa mzima na mchoro juu, nikapata alama ambayo nilimpigia mama simu kumwambia. Nilikuwa najua ini linavyoharibika, na leo nimeliharibu kwa kalamu, na wakati naandika ile 75 hayo mawili hayakukutana popote kichwani mwangu. Moja lilikuwa famakolojia. Jingine lilikuwa hesabu.

Ndivyo tunavyosoma, au tuseme ndivyo ninavyosoma mimi, nisiwasingizie wengine. Kila somo na daftari lake. Mtihani ukiisha daftari linafungwa na kusukumwa chini ya kitanda. La kemia nililisukuma kwa mguu. Mwaka wa kwanza nilikuwa hodari wa kulalamika: mimi nimekuja kuhudumia wagonjwa, potasiamu inanihusu nini? Muhula huu potasiamu ikarudi bila kubisha hodi. Kwenye damu ya mtu mzima inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, nafasi nyembamba kiasi hicho, na ikipanda sana moyo hupoteza mdundo wake na unaweza kusimama. Ndiyo maana potasiamu ya mshipani haipigwi kwa sindano ya haraka. Huzimuliwa, ikaingia polepole kwa dripu, huku mtu akiichunga. Ndiyo maana pia mgonjwa wa figo huulizwa kuhusu dawa zake zote, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa. Nikapiga magoti nikalivuta lile daftari. Lilikuwa na vumbi na alama ya kiatu changu.

Mwenzangu wa chumba yeye anasomea maabara, na ana balaa lake. Wiki hii yote anapaka rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria, ile iliyobuniwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884, na mpaka leo haijastaafu. Unapaka zambarau, unaweka ayodini, unasuuza kwa spiriti, unamalizia kwa rangi nyekundu. Mchezo wote uko kwenye spiriti. Ukichelewesha kuikatiza kwa sekunde kadhaa, bakteria waliotakiwa kubaki zambarau wanatoka waridi, na wewe unaandika jibu la waridi kwa kujiamini kabisa. Jana alirudi na vidole vya zambarau, slaidi za waridi.

Nikiwa bado na hasira na mkufunzi nilikumbuka hadithi aliyotupa wiki ya kwanza, ambayo siku hiyo niliiona ya kujaza muda. Vienna, 1847. Ignaz Semmelweis alikuwa kwenye hospitali yenye wodi mbili za uzazi. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga, na wazazi waliofariki kwa homa katika ile ya kwanza walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka chumba cha kupasulia maiti wanakwenda moja kwa moja kupima wajawazito. Wakunga hawakuwa wakipasua maiti. Semmelweis akaamuru watu wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia wodini, na vifo vikashuka kutoka kama 18 katika kila wazazi 100 mwezi Aprili hadi kama 2 mwezi Juni.

Siku ile niliandika daftarini "kunawa mikono, muhimu" nikaendelea na maisha yangu. Leo nawafikiria wale wanafunzi. Hawakuwa wazembe. Pengine walikuwa ndio wale wanaokaa mbele, wanaowahi kipindi. Asubuhi walikuwa na somo la maiti, baadaye wakawa na somo la uzazi, na kwao hayo yalikuwa masomo mawili yenye mlango katikati. Kilichopita mlangoni ni mikono yao.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nalizunguka tangu nianze kuandika.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mazoezi ya vitendo. Nilipangiwa wagonjwa 8: joto, mapigo, shinikizo la damu, upumuaji. Joto na shinikizo kifaa kinakusomea. Upumuaji unauhesabu mwenyewe kwa macho, kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima, tena bila mgonjwa kujua, maana akijua anaanza kupumua kwa kujitazama. Tumefundishwa ujanja wa kuendelea kumshika mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo. Ni kazi ya kuchosha na inaonekana ya kijinga, umesimama tu umemkodolea mtu kifua. Niliwahesabu wawili. Sita waliobaki nikawaandikia 18.

Mtu mzima akiwa ametulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo 18 haimshtui mtu. Na si mimi niliyeibuni. Ukifunua chati utaikuta imepanga foleni, 18, 18, 20, 18, utadhani wodi nzima inatumia pafu moja. Hilo nililisema moyoni siku ile kujitetea, na nalisema tena sasa, na bado halinitetei.

Mzee wa kitanda cha mwisho alikuwa ameketi, ameinamia mbele, mikono kaikita kwenye magoti, mabega yanapanda. Nilimwona. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kichwa tu. Nikamwandikia 18. Baada ya muda muuguzi wa zamu akapita, akasimama miguuni pake, akaitazama saa yake. Akasimama pale muda mrefu, dakika nzima nadhani. Kisha akachukua chati, akaikata 18 yangu kwa mstari mmoja, akaandika 28 na saini yake, akaenda kumwita daktari. Mzee akawekewa oksijeni. Mimi nilikuwa nimeshika kipimajoto nusu ya wodi kutoka pale, na muuguzi alipopita karibu yangu hakusema neno. Hata hakunitazama vibaya. Sikumwambia mtu, si mkufunzi wala mwenzangu huyu. Na kwenye karatasi ya tathmini ya siku ile niliwekewa "vizuri".

Kwa hiyo leo nilipokuwa nachota vijiko, kilichokuwa kinatetemesha mkono si yule mtoto wa swali la 14 peke yake. Yeye hayupo, ni wa kwenye karatasi. Mzee yupo, na nilimpa shikamoo.

Saa tano na robo usiku. Nimefanya maswali 30 ya marudio. Kila jibu naliandika, kisha najiuliza linaonekanaje likiwa mkononi: ni vidonge vingapi, ni bomba la sindano la ukubwa gani, ni kijiko au kikombe? Ikitokea vidonge 14 kwa mkupuo, nimeshakosea, sina haja ya kurudia hesabu ili nijue. Na nimeanza kuiogopa nukta kwa adabu, kama tulivyoagizwa: nusu naiandika 0.5, sifuri itangulie ili nukta isipotee na kugeuka 5. Na tano naiandika 5 tu, kamwe si 5.0, asije mtu mwenye haraka akaisoma 50.

Swali la mwisho lilikuwa la dripu. Mililita 1,000 kwa saa 8, mrija unaotoa matone 20 kwa mililita. Matone 20,000 kwa dakika 480, ni 41.67, unaliita 42 kwa dakika. Nimejaribu kuligonga kwa kidole mezani nikitazama saa, 7 kila sekunde 10. Linakwenda haraka kuliko nilivyodhani. Mara ya kwanza nilikuwa nagonga polepole mno, mgonjwa wangu angemaliza dripu yake kesho mchana.

Mwenzangu amelala na taa inawaka, vidole vya zambarau vimetokeza nje ya shuka. Nimegeuza kiti. Nimemhesabu. Kwenye sekunde ya 40 akajigeuza ukutani nikapoteza hesabu, na kidogo niandike tu 16, nani atajua. Nimeanza upya. Kutoka ukutani kifua hakionekani vizuri, inabidi utazame shuka pale penye bega, na baina ya pumzi na pumzi kuna kituo kirefu kiasi cha kukutia wasiwasi.

14.