Kumbukumbu ya mradi wangu: kujifunza skii nikiwa Dodoma, na umri wa miaka 41

Julai

Mradi huu umeletwa na mdomo wangu. Dada yangu ameolewa Austria, anaishi Innsbruck, na mwanawe wa miaka sita anateremka milima ya theluji kwa zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, yaani skii, kama watoto wa hapa wanavyokimbiza tairi. Juzi kwenye simu akaniuliza, "Mjomba, wewe unajua skii?" Nikamjibu nakuja Januari, tutateremka wote. Theluji yenyewe nimeigusa kwenye friji tu.

Nilidhani wale wenzetu wanaishi juu na sisi chini. Kumbe Innsbruck mjini ni kama mita 574 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma inapita 1,100. Tumewaacha karibu mara mbili! Ila wao wako nyuzi 47 kaskazini, wamezungukwa na milima inayovuka mita 2,000. Sisi tuko nyuzi 6 kusini, tumeambulia jua na zabibu.

Nimetafuta Waafrika waliotangulia. Mkenya Sabrina Simader alishiriki Olimpiki ya 2018 kule Pyeongchang, lakini yeye alikulia hukohuko Austria, kwa hiyo hanisaidii. Anayenisaidia ni Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana. Alianza akiwa mtu mzima, kwenye jengo lenye theluji ya kutengenezwa kule Milton Keynes, Uingereza, na mwaka 2010 akafika Olimpiki ya Vancouver. Huyo ndiye shahidi wangu kila mke wangu anapouliza kama nina akili timamu.

Agosti

Kwa kuwa theluji hakuna, mazoezi nitayafanya kwa magurudumu: nimenunua viatu vya magurudumu vya mtumba pale soko la Sabasaba, elfu thelathini na tano. Vijana wanaviita sketi. Nikamwambia mke wangu nimenunua sketi, akataka kujua kama ni saizi yake.

Nimepata barabara mpya ya lami huku mtaani, ina mteremko mdogo na magari machache, tatizo ni mchanga. Huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane unahamisha shamba zima. Wiki ya pili magurudumu yakaanza kulia kama mlango wa stoo. Fundi baiskeli akafungua moja, akagonga beringi kwenye kipande cha gazeti, ukadondoka unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Magurudumu manane, kila moja lina beringi mbili, jumla kumi na sita. Tukaziloweka kwenye mafuta ya taa, tukazizungusha kwa kidole mpaka zikanyamaza, kisha tone la mafuta ya cherehani kila moja. Sasa nafanya hivyo kila Jumapili jioni.

Kuteremka kwenyewe: naogopa. Nikiona kasi inaongezeka, mwili unarudi nyuma wenyewe, makalio yanashuka, mikono inapepea. Jumamosi nilianguka mbele ya kijiwe cha bodaboda, wote wakasema pole kwa pamoja, halafu kijana mmoja akaongeza, "Samahani mzee wangu, lakini mbona unateremka umekaa kama uko chooni?"

Nilikasirika mpaka nyumbani.

Oktoba

Yule kijana alikuwa sahihi, na inaniuma kuandika hivyo. Ukijivuta nyuma, uzito wote unakwenda visiginoni. Kwenye skii ndiyo balaa zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubao inabaki nyepesi na ubao haukubali kukata kona. Unayemkimbia ni mteremko, na unapomkimbia ndipo anapokubeba.

Kwa hiyo mazoezi ni magoti kukunjwa, kifua juu ya vidole vya miguu, mikono mbele kana kwamba nimebeba sinia la chai ya wageni. Sinia likipinda, nimekosea. Pia nafanya kabari: miguu naitanua, vidole vinaangaliana, visigino vinaachana. Ndiyo breki ya kwanza ya mwanafunzi wa skii. Kwenye magurudumu inashika kwa shida, lakini inashika.

Jumamosi asubuhi napanda kile kilima cha mawe cha Mlimwa. Faida iko kwenye kushuka, maana mapaja yanafanya kazi ya kuzuia mwili, kama itakavyokuwa kule.

Novemba

Mvua ya kwanza, lami imefunikwa na tope. Naegemea ukuta sebuleni nikiwa nimekaa bila kiti. Dakika mbili. Watoto wananihesabia, na wanahesabu taratibu makusudi.

Januari

Innsbruck. Mteremko wa wanaoanza uko chini ya mlima Patscherkofel, ule ambao Mwaustria Franz Klammer alishindia dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976. Yeye alitokea juu. Mimi nilipandishwa mita chache kwa mkanda unaotembea, nyuma yangu wamejipanga watoto wa chekechea.

Buti za skii ni plastiki ngumu, kifundo hakikunjiki. Ukitembea nazo unakuwa kama mtu aliyevaa ndoo mbili. Vibano vinavyoshika buti vinapimwa kwa uzito, urefu, umri na ujuzi wako, ili ukianguka vibaya viachie kabla goti halijaachia. Kwenye ujuzi nilijaza "sina".

Siku ya kwanza nilianguka mara nyingi, na kuinuka kulinishinda kuliko kuanguka. Nilikuwa nainuka mbao zikiangalia chini ya mteremko, basi kabla sijasimama sawasawa nimeshaondoka tena. Inabidi uzilaze zikatize mteremko, upande wa chini yako, ndipo usimame. Mpwa wangu alisimama pembeni ananitazama kwa huruma ya kweli. Hiyo iliniuma kuliko goti.

Siku ya pili mwalimu akanishika mabega, akasema nakaa sana. Muundi usukume ulimi wa buti muda wote. Nikacheka peke yangu. Nimesafiri mpaka Ulaya kuambiwa maneno ya kijiwe.

Nikashika sinia langu. Ukiwa kwenye kabari, ukikandamiza mguu wa kushoto unakwenda kulia, ukikandamiza wa kulia unakwenda kushoto. Siku ya nne nilikata kona sita mfululizo na kusimama mwenyewe, mpwa wangu mbele yangu anarudi kinyumenyume ili anione. Dada alirekodi.

Februari

Nimerudi Dodoma. Jana jioni nimepita kijiweni na video. Simu ikazunguka mkono kwa mkono, wakataka kujua baridi ikoje na zile mbao zinauzwaje. Yule kijana aliitazama mara mbili, kimya. Halafu akairudisha nyuma kidogo, akaisimamisha, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa kona ya tano, mzee wangu. Ulirudi chooni."