Mashua ilipinda kabla ya mataruma, tukainyoosha

Nimerudi Nungwi mwezi wa kwanza mwaka huu, baada ya miaka 11 Muscat nikifunga madirisha na milango ya aluminiamu, na tangu nishuke bandarini Malindi hapa Unguja kitu nlichokuwa nakiwaza ni mashua tu. Kule Sur, Oman, kuna ghanja, jahazi kubwa la zamani, wameiweka nchi kavu, inaitwa Fatah al-Khair, imejengwa 1951, nlikuwa nikipata likizo naenda kusimama nyuma yake naiangalia fashini, ule mti unaosimama mwisho wa chombo, ilivyopanda, harufu ya mafuta na mbao naikumbuka nyumbani, nkawa najiwekea kidogo kidogo. Basi nimefika, ami akaniambia mwanangu usinunue ya mtu, tujenge hapa hapa uani, mimi bado nina mikono.

Tukalaza mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, wa mita 7 juu ya magogo manne, tukasimamisha fashini ya mbele na ya nyuma, mbao za chini zikaanza kupanda. Hapa kwetu hakuna ramani, fundi anaijua mashua kichwani, mbao zinapigwa kwanza zikishika umbo ndo mataruma, zile mbavu za ndani, yanachongwa kwa tezo, shoka la kuchongea, kufuata tumbo la chombo. Ndo mana nataka niandike hili kwa yeyote anaejenga nyumbani, kwa sababu ukikosea mapema taruma litalifunga kosa ndani na hapo tena huna la kufanya ila kubomoa.

Masika ikaingia. Ami akaenda Pemba msibani wiki mbili, mimi nkabaki na chombo, na siku moja nkatoa pima maji yangu nliyokuja nayo nkaiweka juu ya ubao wa upande wa kulia, nkaona uko chini. Nkachukua nyundo nkaingiza kabari kwenye gadi la kulia, ule mti unaoegemeza ubavu wa chombo, mpaka pima maji ikanikubali. Nliona nimefanya kazi nzuri kabisa wallahi.

Ami karudi, hata chai hajanywa, kaenda nyuma kachuchumaa kafumba jicho moja. Kakaa vile kama dakika tano. Akasema, "Mwanangu, tezi imekwenda kushoto," yaani sehemu ya nyuma ya chombo.

Mimi nkaleta leza, mstari mwekundu umenyooka vizuri, lakini leza inakwambia kitu kilichonyooka kwa usawa wake yenyewe na mashua haifuati usawa huo, imelala kwenye mchanga kwa mteremko wake yenyewe. Ami akachukua uzi wa kuvulia, akaufunga katikati ya kichwa cha fashini ya mbele akauvuta mpaka kichwa cha fashini ya nyuma, kisha tukaning'iniza timazi, uzi wenye uzito mwishoni, kila baada ya mita moja kuangalia kama inaangukia kwenye mstari wa katikati ya mkuku. Mbele sawa. Katikati imetoka kidogo. Nyuma imetoka sentimita 3 nzima. Halafu akanionesha kipimo ambacho nakiamini kuliko vyote sasa: unashika uzi kutoka kichwa cha fashini ya mbele unaupeleka mpaka alama ya ubao wa kulia, unarudia na alama ile ile ya kushoto, urefu lazima ulingane. Karibu na omo, yaani mbele, tofauti ilikuwa ndogo, ukienda nyuma inakua, mpaka mwisho sentimita 4. Tofauti inayokua hivo inakwambia kosa si la ubao mmoja, ni chombo chote kinajisokota kuanzia nyuma.

Tukachimba chini. Gogo la mwisho lilikuwa limezama upande wa kulia, maji ya bati la jikoni yanaangukia pale pale mvua nzima, mchanga umeliwa. Mkuku ukalala kulia, na mimi na kabari yangu nkasukuma mbao kushoto, yakawa makosa mawili moja juu ya jingine. Ami hakunigombeza. Aliniuliza tu pima maji nliiweka wapi, nkamuonesha, akatikisa kichwa akaenda kuswali alasiri.

Kuirekebisha ilituchukua siku sita. Kwanza tulihamisha maji ya bati, mana bila hivo ungerudia tena. Tukalegeza magadi yote, tukang'oa misumari ya mbao mbili za juu pale zinapokutana na fashini ya nyuma ili zipumue, tukaweka jeki mbili za gari chini ya mkuku, majirani wakaja bila kuitwa, vijana ambao nliwaacha wakiwa watoto wa chuoni, wa madrasa, sasa wana ndevu. Chini ya gogo tukatandika mawe na kipande kipana cha ubao. Kisha kamba mbili kutoka kichwa cha fashini ya nyuma mpaka mnazi, tukatia kijiti katikati tunakisokota nusu mzunguko, tunasimama, tunaangalia timazi, tunasokota tena. Usiwe na haraka hapo, utasikia mbao inalia. Ami alitaka tuvuke katikati kwa nusu sentimita upande wa pili, anasema mbao ikifunguliwa inarudi inakotoka, na kweli tulivoiacha siku tatu ikafunguliwa ile nusu ikarudi karibu yote, tofauti ya uzi ikabaki milimita 4.

Nkauliza kama tuvute tena, kule nlikotoka milimita 4 dirisha halifungi. Akasema mashua iliyopinda utaijua baharini, unashika usukani upande mmoja mpaka mkono unakufa ganzi, na kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, inafunguka kwa sababu mbao zinavutana, lakini hii haina ugonjwa huo.

Misumari tumeipiga upya, kila mmoja umeviringishwa pamba yenye mafuta shingoni, na mbao za juu zimefika zote. Jana taruma la kwanza limeingia. Kila asubuhi kabla ya kushika tezo navuta uzi kulia, navuta kushoto, ami amekaa pale kwenye gogo na kikombe chake anasubiri nimwambie.